Watoto na Viumbe Viumavyo: Mafundisho kwa Walimu na Wazazi

Katika shule nyingi za mashamba habari za mbu na inzi hufundishwa vema, hata mtoto wa darasa la pili aweza kueleza jinsi homa ya malaria inavyoenezwa. Lakini habari za nyoka, za mbwa mwenye kichaa, za nge na za nyuki hazipewi nafasi yake. Huachwa kwa mababu na mabibi wazisimulie jioni kwa namna ya hadithi, na hadithi hizo, ingawa ni tamu, mara nyingine zina makosa yawezayo kuua. Kwa hiyo twapenda leo kusema na walimu, na wazee wa vijiji, na kila mzazi ajuaye kusoma, juu ya namna ya kuwafundisha watoto kujikinga na viumbe hivi, na nini wafanye wakisha kuumwa.

Yatupasa kwanza kuona ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiri ya kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, na wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto wa Afrika na Asia. Kichaa cha mbwa nacho chakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka; na katika kila watu 100 waumwao na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 40 ni watoto ambao hawajafika miaka 15. Sababu haifichiki. Mtoto ni mfupi, mbwa humfikia usoni na mkononi kwa urahisi. Mtoto hucheza na kila kitu, hutia mkono katika kila shimo. Tena mwili wake ni mdogo, na sumu ile ile ya nyoka iliyoingia katika mwili mdogo huwa na nguvu zaidi kuliko katika mwili wa mtu mzima.

Lakini liko jambo jingine lisiloangaliwa. Mtoto anapoumwa, ni nani aliye karibu naye? Si baba, kwa maana yuko shambani. Si mama, kwa maana amekwenda kisimani au gulioni. Aliye karibu ni mtoto mwenziwe, waliyekuwa wakichunga mbuzi pamoja, au wakiokota kuni, au wakirudi kutoka shuleni. Basi mganga wa kwanza wa mtoto huyo ni mtoto wa miaka kumi. Akijua la kufanya, mgonjwa atafika hospitali akiwa katika hali njema. Asipojua, atafanya aliyoyaona kwa wakubwa: atachanja kwa wembe, atafunga kamba, atanyonya damu, au atakimbia na kunyamaza. Kwa hiyo hatuulizi kama yafaa kuwafundisha watoto. Twauliza tuanze na somo gani.

Kusema ndilo somo la kwanza

Walimu wengi wangeanza na majina ya nyoka. Sisi twaona yafaa kuanza na kinywa cha mtoto. Mtoto afundishwe kusema mara moja, siku ile ile, kila aumwapo au akwaruzwapo na mnyama yeyote, hata kama jeraha ni dogo kama mchomo wa mwiba.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka minane ameingia katika ua wa jirani kuangua mapera. Mbwa anatoka, anamgusa mguu kwa jino, kisha anakwenda zake. Damu ni matone mawili. Mtoto anajifuta kwa jani na kunyamaza, maana akisema ataulizwa alikuwa akifanya nini katika ua wa watu, na baada ya swali hilo hufuata fimbo. Jeraha linapona baada ya siku chache, na jambo limesahauliwa. Baada ya miezi miwili au mitatu mahali pale panaanza kuwasha na kuchonyota. Homa yaja. Mtoto hawezi kulala, akiona kikombe cha maji koo lamkaza kwa hofu. Siku hiyo mzazi atauza mbuzi wake wote, atakodi gari, atafika hospitali kubwa, na waganga watamwambia ya kuwa wamechelewa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukisha onyesha dalili hauna dawa. Karibu kila aliyefika hapo hufa. Na mtoto yule yule, kama angesema siku ile ya mapera, angeoshwa jeraha, angechomwa sindano za kinga, na angekuwa hai mpaka leo.

Ndiyo maana twasema kwamba somo hili si la watoto peke yao. Haifai kumwambia mtoto aseme ukweli ikiwa anajua ya kuwa ukweli utamletea kipigo. Wazee wa kijiji, mkutanoni, wangefanya vema kuweka agizo lijulikanalo na kila nyumba: mtoto aletaye habari ya kuumwa haulizwi alikuwa wapi, wala hapigwi, hata kama alikwenda kuiba. Habari ya mapera yaweza kungoja mpaka sindano ziishe. Na mtoto amletaye mwenziwe, au ajaye kutoa habari kwa niaba ya mdogo wake, asifiwe mbele ya watu, maana mtoto hupenda kusifiwa kuliko akili zetu sisi wakubwa zinavyokumbuka.

Mwalimu naye awazoeze namna ya kusema. Mtoto aliyeshtuka hulia tu, au husema maneno yasiyo na mwisho. Afundishwe mambo manne: nini kimeniuma, kimeniuma wapi mwilini, lini, na kama ni mbwa, ni mbwa wa nani. Mambo haya yazoezwe darasani kama jedwali la hesabu, mmoja akijifanya aliyeumwa na mwingine akijifanya mzazi.

Habari za mbwa

Mbwa wengi waumao si wenye kichaa, na mbwa wengi wenye kichaa huonekana kwanza kama mbwa wazima. Kwa hiyo mtoto asipewe kazi ya kupambanua. Afahamu tu kwamba asimguse mbwa asiyemjua; asimwendee mbwa anayekula, aliyelala, au mwenye watoto; asimtupie mawe; na asiokote mnyama wa porini, kama mbweha, aliyeacha kuogopa watu. Mnyama wa porini ajaye mchana kati ya watu bila woga si rafiki, yamkini ni mgonjwa.

Akijiwa na mbwa mkali asikimbie, kwa kuwa mbwa hufuata kila kikimbiacho, wala hapana mtoto awezaye kumshinda mbwa kwa mbio. Asimame kama mti, mikono imeshuka, macho yakitazama chini, asipige kelele. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, uso ukielekea ardhini, mikono ikifunika shingo na masikio. Mchezo wa mti na jiwe waweza kuchezwa uwanjani kwa muda mfupi tu, mwalimu akipiga filimbi mara moja kwa mti na mara mbili kwa jiwe, na watoto wa darasa la kwanza huupenda mno.

Sasa tuseme ameumwa. Dawa ya kwanza ipo nyumbani, nayo ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayomiminika, pamoja na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Sabuni ya kufulia yatosha kabisa. Wengi wakisikia habari hii huona ni jambo dogo mno, nao huosha kwa kopo moja na kuacha. Lakini vijidudu vya ugonjwa huu huingia katika mishipa ya fahamu na kusafiri polepole mpaka ubongoni. Vile vilivyoondolewa na sabuni kabla ya kuanza safari havitafika. Kwa kuwa watoto hawana saa, mwalimu achague wimbo wa shule uchukuao dakika tatu, awaambie waimbe mara tano huku wakimimina maji. Mahali penye shida ya maji, ndoo za akiba ziwekwe shuleni kwa kazi hii.

Wasipake pilipili, wala majivu, wala mafuta ya taa, wala unga wa mizizi. Vitu hivi huchoma nyama na havifiki pale vijidudu vilipo. Wasifunge jeraha kwa nguvu. Kisha, siku hiyo hiyo, mtoto apelekwe kituo cha afya kwa sindano za kinga. Sindano hizi huchomwa zaidi ya mara moja, kwa siku zilizopangwa, na mtu akiacha katikati kwa kuwa jeraha limepona amejidanganya. Wazee wengi wanakumbuka sindano za zamani zilizochomwa tumboni siku nyingi mfululizo, na kumbukumbu hiyo ndiyo huwatia watoto hofu. Sindano za siku hizi huchomwa begani, nazo ni chache. Jeraha likiwa kubwa au la usoni, mganga aweza kuongeza dawa nyingine inayotiwa katika jeraha lenyewe.

Watoto wapenda kujua dawa hii ilitoka wapi, na yafaa waambiwe, kwa sababu mtu wa kwanza mashuhuri aliyepewa alikuwa mtoto kama wao. Mwaka 1885, katika nchi ya Alsace, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, mwana wa mwoka mikate, aliumwa na mbwa mwenye kichaa mahali pengi mwilini. Mama yake hakungoja. Alimchukua mpaka Paris, kwa mtaalamu Louis Pasteur, ambaye alikuwa akijaribu dawa yake kwa wanyama. Tarehe 6 Julai mtoto alipewa sindano ya kwanza, siku mbili tu baada ya kuumwa, na kwa jumla alichomwa sindano 13. Hakuugua. Alikua, na baadaye alikuwa bawabu wa chuo kilichojengwa kwa jina la Pasteur. Mwalimu asiache kuwaonyesha watoto zile siku mbili: dawa ilifaa kwa sababu mama alisafiri upesi.

Kwa upande wa kuzuia, kazi ni ya wakubwa. Ikiwa mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa huu hukosa njia ya kuenea. Siku ya chanjo inapotangazwa, watoto ndio waletao mbwa, basi wakumbushwe kuwaleta kwa kamba imara, kila mbwa na mtoto anayemzoea, ili siku ya kuzuia kuumwa isiwe siku ya kuumwa.

Habari za nyoka

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo penye makosa mengi. Majina ya nyoka hutofautiana kwa kila kabila, wala hapana haja ya kumkaririsha mtoto majina yote. Namna tatu zatosha kuelezwa kwa tabia zake.

Wa kwanza ni kifutu, ambaye pwani huitwa bafe na mahali pengine moma: mnene, mfupi, mwenye madoa yafananayo na majani makavu. Nyoka wengine wakisikia mtetemo wa miguu huondoka. Kifutu hulala pale pale, akitumaini rangi yake kumficha, mpaka mguu umkanyage. Huyu ndiye nyoka wa njiani. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Wa pili ni swila, yaani fira, na hasa yule atemaye mate. Huingia nyumbani usiku akifuata panya na kuku, na mara nyingi huwauma watu waliolala chini. Wa tatu ni koboko, mrefu na mwepesi, ambaye hupenda kumkimbia mtu, lakini akizibiwa njia huuma, na sumu yake huzuia pumzi kwa muda mfupi.

Kutokana na tabia hizi mtoto mwenyewe aweza kuambiwa akisie kinga, na mwalimu asimharakishe. Kwa ajili ya kifutu: viatu, taa au kurunzi usiku, na fimbo ya kugonga majani mbele ya mguu. Kwa ajili ya swila: kulala kitandani badala ya chini, chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na ghala ya nafaka iliyo mbali na chumba cha kulala, kwa maana penye mahindi pana panya, na penye panya nyoka hakosi. Kwa ajili ya wote: majani yafyekwe kuzunguka nyumba na choo, gogo la kuni ligeuzwe kwanza kwa fimbo, mkono usitiwe katika shimo, wala katika kichuguu, wala chini ya jiwe. Watu wengi hudhani chandarua ni cha mbu tu. Ni kinga njema pia ya nyoka na nge, na tungependa jambo hili lisemwe kila mahali vyandarua vinapogawiwa.

Akiona nyoka, mtoto asimame, arudi nyuma taratibu, kisha amwite mtu mzima. Asimpige. Watu wengi huumwa katika vita vya kumwua nyoka ambaye alikuwa akienda zake. Wala asimguse nyoka aliyekufa. Kichwa kilichokatwa chaweza kuuma kwa muda baada ya kutengwa na mwili. Twawaomba walimu wasilete nyoka darasani, mzima wala mfu. Kipande cha kamba na picha ubaoni vyatosha. Katika nchi hii alikuwako Bwana C. J. P. Ionides, bwana wa nyama wa Liwale, aliyekuwa mashuhuri kwa kukamata nyoka mpaka alipofariki mwaka 1968; naye, pamoja na ujuzi wake wote, aliumwa mara nyingi. Mtoto asiambiwe ya kuwa ushujaa ni kinga.

Mtoto akisha kuumwa, mwenziwe afanye hivi. Amwondoe mahali pale, kisha amkalishe au amlaze, asimwache akimbie, maana mwendo wa miguu huisukuma sumu mwilini. Amvue pete, bangili, shanga, kiatu, na kila kitu kikazacho, kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Kifungwe kwa vijiti viwili vilivyonyooka na kitambaa, kama vile afungwavyo mtu aliyevunjika mfupa, bila kukaza. Kisha abebwe. Machela yafaa, baiskeli yafaa, na pikipiki yafaa sana ikiwa mgonjwa ameketi kati ya dereva na mtu wa kumshika. Akitapika au akizimia alazwe ubavu. Asipewe pombe wala dawa ya kienyeji ya kunywa. Mtu asipoteze wakati kumtafuta nyoka. Yatosha kueleza rangi, ukubwa, na saa aliyouma.

Mahali paitwapo kufunga kamba twapenda kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili limewakata watu miguu. Aliyefunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha hudhani ameifungia sumu mlango. Kweli amefungia damu. Sumu ya kifutu, ambayo kazi yake ni kuozesha nyama, sasa imewekwa mahali pamoja, na nyama ile haipati damu ya kuishi. Baada ya saa chache mguu ambao ungeweza kupona umekuwa mweusi. Kuchanja nako huongeza jeraha na damu, maana sumu nyingine huzuia damu isigande. Na kunyonya kwa kinywa hakutoi sumu ya kutosha kumfaa mtu. Lakini ikiwa mgonjwa amekwisha kufungwa kamba ya kukaza, isifunguliwe ghafula njiani. Apelekwe upesi ikafunguliwe na waganga wenye dawa tayari.

Na jiwe la nyoka? Hapa tunajua ya kuwa wasomaji wengine watanuna, maana jiwe hilo jeusi limo katika nyumba nyingi, na wengi watasema waliliona likiponya kwa macho yao. Hatuwaambii ni waongo. Waliona mtu ameumwa, jiwe likawekwa, likagandama, mtu akapona. Yote ni kweli. Ila jambo moja halikuonekana: nyoka hatoi sumu kila aumapo. Nyoka wengine waumao hawana sumu kabisa, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona kwa jiwe, angepona kwa jani la mgomba, angepona kwa kukaa bure chini ya mwembe. Sifa zikaenda kwa jiwe. Jiwe lenyewe ni mfupa uliochomwa, nao hugandama penye damu kwa sababu una vitundu vidogo, kama vile chungu kikavu kinywavyo maji. Wataalamu walilijaribu kwa panya waliotiwa sumu ya nyoka, wakachapisha habari mwaka 2007, na hawakuona faida yoyote. Basi mwenye jiwe na aliweke kama ukumbusho wa babu, lakini lisimchelewesha mtoto hata nusu saa.

Dawa ya kweli ni moja, nayo hupatikana kwa farasi. Farasi hutiwa sumu kidogo kidogo isiyomdhuru, mpaka damu yake inajifunza kuishinda. Kisha sehemu ya damu hiyo husafishwa na kutiwa katika chupa. Mfaransa Albert Calmette aliitangaza kazi hii mwaka 1894. Walakini dawa iliyofanywa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi haiwafai walioumwa na nyoka wetu. Hapana budi itokane na nyoka wa Afrika. Tena ni ghali, na si kila zahanati inayo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema kwa nusu kabla ya 2030. Hayo ni mambo ya mbali. Lililo karibu ni kwamba mwenyekiti wa kijiji aulize mapema, kabla ya mtu kuumwa, ni hospitali gani iliyo na dawa hii, na aulize tena kila baada ya miezi michache, maana chupa huisha na nyingine huharibika. Mgonjwa aliyepelekwa kwanza pasipo dawa, kisha akapelekwa pengine, amepoteza saa ambazo hazirudi.

Swila akimtemea mtoto mate machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi, kope zikifunguliwa kwa vidole, na mtoto asiyafikiche. Asipakwe mkojo wala majani. Baadaye apelekwe akaangaliwe, kwa sababu jicho lisilotunzwa laweza kupofuka, na lililooshwa upesi kwa kawaida hupona.

Nyuki, nge na wengine

Nyuki wetu ni wakali, na katika sehemu kama Tabora, ambako mizinga hutundikwa mitini, watoto huona mchezo kuitupia mawe. Waambiwe jinsi nyuki anavyofanya kazi: akichoma huacha mwiba pamoja na mfuko wa sumu, na mahali pale hutoka harufu inayowaita wenziwe. Kwa hiyo anayesimama kupigana nao anawaita wengine. Afunike uso kwa shati, akimbie moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba na kufunga mlango. Asiruke bwawani, nyuki watamngoja juu. Hapa tofauti na mbwa lazima ielezwe wazi, kwa maana mtoto mdogo huchanganya: kwa mbwa simama, kwa nyuki kimbia.

Miiba iondolewe upesi, kwa ukucha au kwa kisu butu. Upesi ni bora kuliko ustadi, kwa kuwa mfuko huendelea kusukuma sumu. Kisha maji baridi na sabuni. Mtoto aliyechomwa na nyuki wengi apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima. Na mtu mmojammoja hudhurika hata kwa nyuki mmoja: midomo na uso huvimba, mwili mzima hutoka vipele, pumzi hubana, kichwa huzunguka. Huyo hana wakati wa kungoja. Alazwe, akikosa pumzi aachwe akae, na apelekwe mbio kwa mganga mwenye sindano ya adrenalini.

Nge huuma vikali, na maumivu yake hupunguzwa kwa kitambaa cha maji baridi na vidonge vya parasetamoli kwa kipimo cha umri. Mtu mzima kwa kawaida hupona. Mtoto mchanga apelekwe, na hasa akitokwa na jasho au mate mengi, au akitetemeka. Watoto wazoezwe kukung'uta viatu na nguo asubuhi. Tandu ni vivyo hivyo. Papasi wa nyumba za udongo hawaumizi sana, lakini huleta homa irudiyo, jambo ambalo mtaalamu Robert Koch alilichunguza katika nchi hii mwaka 1905; dawa yao ni kuziba nyufa za kuta na kulala kitandani.

Namna ya kufundisha

Somo hili lisifundishwe kwa kutisha. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtoto aliyetishwa hushtuka hivyo hivyo hata kabla ya kutafunwa: huganda mahali pa kukimbia, na hukimbia mahali pa kusimama. Mikono ndiyo ijifunze. Kila mtoto wa darasa la tatu na kuendelea afunge mguu wa mwenziwe kwa vijiti, aoshe mkono wake kwa nyimbo tano, aseme yale mambo manne. Baada ya mwezi mmoja mwalimu, bila kutangaza, amwambie mtoto mmoja ajilaze uwanjani wakati wa mapumziko na kusema ameumwa na nyoka, kisha atazame wengine. Wakikimbilia wembe, au wakimzunguka wote pamoja na kelele, atajua mahali pa kurudia.

Wadogo wa darasa la kwanza hawawezi kumbeba mtu. Wao wafundishwe jambo moja tu: wakiwa wawili na mmoja ameumwa, mwingine apige kelele pale pale kwanza, wakiwa watatu, mmoja abaki na mgonjwa na mmoja akimbie kuita. Na ili ajue pa kukimbilia, ukutani mwa darasa paandikwe kwa herufi kubwa nyumba zenye pikipiki, jina la zahanati iliyo karibu, na jina la hospitali yenye dawa ya nyoka, na yule mtoto asiyejua kusoma aonyeshwe nyumba hizo kwa kutembezwa.